Marahaba Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Novemba
Nimepewa zamu ya wiki nzima kwenye kurasa za mtandaoni za Anua. Anua ni programu yetu ya kuwaambia waanika dagaa mvua inanyesha saa ngapi. Ni programu huria: bure, na kila kitu chake kiko wazi kwa yeyote. Dhara, aliyeuanzisha mradi, kanikabidhi neno la siri kwa shingo upande. Kanuni yake: anayeandika aweke herufi ya jina lake mwishoni. Yeye huweka D. Machapisho yake hupendwa na watu sita, mmoja wao mama yake. Jumapili naenda kujitambulisha kwa baba yake Rose, mpenzi wangu. Nataka nifike nikiwa na jina.

Jumanne, 5 Novemba
Mbinu imepatikana. Nani anamwamini kijana kuhusu mvua? Nimeweka picha ya mzee mwenye mvi, nikaandika kama babu: wanangu, anueni dagaa mapema, saa nane inanyesha. Herufi sijaweka. Babu gani anaweka herufi? Ikanyesha saa nane na dakika tano.

Alhamisi, 7 Novemba
Shikamoo zinamiminika. Nina miaka ishirini na sita, sijawahi kuamkiwa hivi. Napokea zote. Mmoja anayejiita Dagaa Safi Igombe kaniamkia mara mbili. Nikamsifu kwamba amelelewa vizuri. Dhara kapiga simu, anauliza huyu mzee ni nani. Nikasema ni ubunifu. Akasema sawa, ila orodha ya zamu ataiweka hadharani kama kawaida. Aweke. Wivu tu.

Jumapili, 10 Novemba
Nyakato, kwa kina Rose. Suti ya kuazima. Nikamwamkia baba yake, Mzee Luhaga, mwalimu mstaafu. Badala ya kuitikia, akavaa miwani, akafungua simu. Nikaona picha ya dagaa. Dagaa Safi Igombe ni yeye, kumbe siku hizi anaanika dagaa huko! Orodha ya zamu kaisoma yote, jina langu kaliona. Akaniuliza kwa upole kama na mimi nimelelewa vizuri. Rose alikimbilia jikoni, nilimsikia akicheka. Hukumu: kesho niende Igombe, kwa waanika dagaa walioniamkia, nikarudishe kila shikamoo, kwa mdomo, na yake iwe ya mwisho. Vinginevyo nisimtaje Rose tena. Dhara kahesabu: arobaini na moja. Alifurahi kupita kiasi.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimezunguka kwenye vichanja vya dagaa tangu asubuhi. Wazee wamecheka mpaka wakashika mbavu. Mama Kashindye alinirudisha mara tatu, eti sijainama vya kutosha. Wamenipa ndoo nzima ya dagaa. Mwisho Mzee Luhaga. Akavua miwani, akasema marahaba mwanangu. Mwanangu! Rose anasema hiyo ndiyo idhini yenyewe. Nina furaha mpaka nimesahau kula.

Jumanne, 12 Novemba
Dhara kanirudishia zamu kwa sharti moja: herufi mwishoni, kila mara. Nikaapa. Saa tatu asubuhi bibi mmoja wa Ukerewe, asiyejua yaliyotokea, akaandika shikamoo mzee wa mvua. Nikaweka simu chini. Nikanywa maji. Nikaichukua tena, nikajibu marahaba mwanangu. Na kanuni nimeifuata, herufi nimeweka: D.