Kuhusu Mkorosho Wangu Kuitwa Mgeni

Chiungutwa, Masasi
9 Septemba

Kwako Mwalimu Cyril wa Historia,

Habari za kazi. Sisi huku wazima, isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa heshima, kama baba wa Yasmini wa kidato cha pili, kulalamikia ulichomfundisha mwanangu.

Nilikuwa nagombea uenyekiti wa kitongoji dhidi ya jirani yangu Edmund. Hoja yangu ilikuwa moja na ilitosha: babu yake Edmund alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, kwa hiyo ni mtu wa kuja. Sisi tumeota hapa hapa pamoja na mikorosho. Watu walikuwa wananiitikia vizuri.

1. Mkutanoni, nilipotamka kwamba mkorosho haukuletwa na mtu, Yasmini alinyoosha mkono. Mtoto ana adabu, alianza na shikamoo. Kisha akasema mwalimu wao amefundisha kuwa mkorosho ni wa Brazili, ulikuja na Wareno kwa meli, miaka mia nne na zaidi iliyopita. Edmund aliinama kutazama viatu vyake, mabega yakitikisika. Nilishindwa kwa kura arobaini na moja.

2. Kwa kuwa mimi ni mtu wa msimamo, nilitangaza nyumbani kwamba chakula cha kuja hakitaingia tena. Mke wangu Somoe akauliza ni kipi hicho. Yasmini akafungua daftari. Mwalimu, kwa nini orodha yako ni ndefu hivyo? Mahindi, muhogo, karanga, viazi vitamu, pilipili, papai, nanasi. Hata tumbaku yangu. Siku nne nilikula ugali wa mtama kwa kunde, bila pilipili. Somoe na watoto walikula muhogo kwa karanga uani, wamenipa mgongo kwa heshima.

3. Siku ya tano Edmund alikuja kunipa pole, na sahani ya muhogo wa kuchemsha. Nikamwambia sili. Akasema, "Kula, Baba Yasmini. Muhogo haumuulizi mtu kwao." Nikaumaliza. Hilo nalo ni kosa lako.

Kwa hiyo naomba Wareno wafundishwe baada ya uchaguzi ujao. Pia uandikie kitongoji kwamba Wareno waliukuta mkorosho Chiungutwa, wakaupeleka Brazili. Ikishindikana, basi Brazili ije ichukue mikorosho yake, ila baada ya mnada wa korosho.

Nisalimie walimu wote, na mpishi wa shule, ambaye nasikia anapika makande ya mahindi bila aibu yoyote.

Ni mimi, mzazi mwenye uchungu na kiungulia,
Mujibu Shamte

N.B. Kabla sijafunga bahasha, dada yangu Shakila amefika kutoka Newala. Nimemsomea barua hii. Anasema babu yetu na babu yake Edmund walivuka Ruvuma siku moja, katika mtumbwi mmoja. Wa Edmund alipiga kasia. Wetu alikuwa mgonjwa, amelala chini, na asingefika peke yake. Marehemu baba alijua, akanificha. Tafadhali, kama habari hii imo katika vitabu vyako, Yasmini asiisome kwanza. Nakwenda kwa Edmund sasa hivi, nimweleze mwenyewe.