Dripu ya Antena na Jicho la Mzee Mizani

Habari ilifika kijiweni kwetu Chanika, hii ya upande wa Korogwe, kabla kahawa haijachemka vizuri. Aliyeileta ni Faraji, tunayemwita Data, maana dunia haipigi chafya bila yeye kuisikia kwenye simu.

"Wazee, watu wameacha kula," alisema. "Nimeliona tangazo sasa hivi. Huko mijini mtu anajilaza kwenye sofa, anachomekwa dripu ya protini, anaamka na mashavu. Kutafuna tumeachiwa sisi washamba."

"Protini gani inapita kwenye mpira?" aliuliza Mwantumu, mwenye birika, mwenye chapati na maharage, na mwenye benchi tulilokalia.

"Asidi amino, dada. Ni nyama imechambuliwa mpaka imekuwa maji."

"Basi hiyo supu."

"Supu ya mshipani."

"Ina ndimu?"

Tukacheka. Kijana wetu Antena peke yake hakucheka. Alifungua mfuko wake wa rambo, akatoa chupa ya dripu yenyewe, na mpira wake, na sindano. Kicheko kikatukauka.

"Nimeitoa Korogwe jana," alisema. "Kwa jamaa mmoja pale stendi, anauza na betri za tochi na sumu ya panya."

"Umeisafirishaje?"

"Bodaboda. Niliifunga nyuma ya siti."

"Na jua lile?"

"Nikajua inaiva."

Antena ni Sadala, kijana mrefu ambaye shati likiwa mwilini mwake unaona kama bado limetundikwa kwenye henga. Anamtaka Maryamu, binti wa Mzee Kibwana. Huyo mzee ni dalali wa ng'ombe mnadani, sisi tunamwita Mzee Mizani, kwa sababu dume akipita mbele yake anakutajia uzito wake bila kumgusa. Siku chache nyuma alimwambia Antena, "Kijana, mwili wako sijauelewa." Jibu la posa aliahidi kuja kulitoa palepale kijiweni siku ile alasiri, na adhuhuri ilishaadhiniwa.

"Nataka mashavu kabla ya alasiri," Antena alisema. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Nani hapa anajua kuchoma?"

Macho yote yalimgeukia Koikai, Mmasai wetu, jina la kijiweni Sindano. Kuanzia hapa mpaka Kwamsisi hakuna ng'ombe mgonjwa asiyemfahamu.

"Ero, mimi najua shingo tu," Koikai alisema. "Unafunga kamba, mshipa unasimama, unachoma. Mmoja anashika pembe, mwingine anashika mkia."

"Huyu hana mkia," alisema Data.

"Ndiyo shida yenyewe. Bila mkia mimi sichukui dhamana."

"Tutashika mkanda wa suruali."

"Mkanda unaweza kufaa," Koikai alikubali baada ya kuufikiria.

Data akaitundika chupa kwenye mwavuli wa Mwantumu. Mwantumu akasema mwavuli wake aliununua kwa ajili ya jua, hakuununua kwa ajili ya kulaza wagonjwa. Ndipo Gerald alipoiweka kahawa chini. Gerald tunamwita Mishono, na ukimpa nafasi atakufunulia tumbo uone kwa nini.

"Mimi nimelishwa hiyo kitu," alisema. "Waliponikata utumbo hospitali, chakula kikawa hakipiti, ndiyo wakaniwekea. Lakini kwanza walipima damu, wakaangalia figo na ini, maana figo likiwa bovu mzigo ule unakugeukia sumu. Halafu ikadondoka polepole, kutwa nzima, nesi anakuja, anaondoka, anarudi. Siku moja nikaanza kutetemeka. Waliifunga palepale."

"Lakini ulinenepa," Data alisema.

"Nilipona. Kunenepa nilinenepea hapa kwenye maharage. Unajua adha ya kulishwa kupitia mkono huku mdomo unaangalia tu? Antena, kula kumekushinda?"

"Hakujanishinda."

"Basi hiyo si yako. Ni ya mtu ambaye mdomo au tumbo limegoma, na anayeiweka ni mtu wa hospitali. Agiza maharage."

"Maharage yatanipa mashavu kabla ya alasiri?"

Mishono akaichukua tena kahawa yake. Koikai naye alikuwa ameshaanza kumfunga Antena kamba shingoni, kwa majaribio tu alivyodai. Mimi niliogopa, nasema kweli. Tulianza kwa utani, na utani ulikuwa umeshafika kwenye fundo la pili.

"Assalamu alaikum."

Mzee Mizani alikuwa amewahi.

Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba huku akiitazama ile kamba.

"Koikai, unamuuza?"

"Hapana mzee. Namtibu."

Mzee akaitungua chupa, akaielekeza juani, akafumba jicho moja kama anavyoangalia meno ya dume.

"Haya maji yana ukungu. Hata ndama simpi. Ya nani?"

"Yangu," Antena alisema, bado ana kamba shingoni.

"Mnadani nawakamata watu wanaolambisha ng'ombe magadi usiku, ili asubuhi anywe maji mpaka avimbe, mnunuzi aone kanenepa. Miaka yote hiyo sijamkamata ng'ombe anayejivimbisha mwenyewe."

"Mzee, ulisema hujauelewa mwili wangu."

"Kwani nilisema wembamba? Mimi nilioa nikiwa ufito. Kila ukija kwangu mke wangu anapika kunde kwa samli, anachinja kuku, wewe unasema umeshiba. Nikajua tumbo lako halipokei kitu. Binti yangu nimpe mtu anayekwenda kufa?"

Antena aliinamisha kichwa. "Ni kuona haya, mzee. Marehemu mjomba aliniusia ukweni hakuliwi. Nikitoka kwako nakuja kula hapa."

"Anakuja mbio," alithibitisha Mwantumu.

"Basi kula hapa, nikuone."

Mishono akaimwaga chupa yote mtaroni, na sindano akaitia kwenye kopo tupu aipeleke zahanati. Mwantumu akapakua. Antena akavua kamba, akanawa.

Sahani ya kwanza iliondoka, mzee akasema mashallah. Ya pili ilipoondoka alimshika bega, akatamka mbele yetu sote kwamba Maryamu ni wake. Tukapiga makofi, Koikai akarusha rungu juu. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Antena, haya zote zimemtoka, akaomba chapati zilizobaki. Kisha akaomba mchuzi wa chini. Kisha akalivuta sufuria lenyewe, na Mwantumu akaanza kuwarudisha wateja wengine.

Mzee Mizani alikuwa ameacha kutabasamu. Alimpima mkwewe kwa jicho lile la mnadani, taratibu, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayepigia hesabu kuku wa nyumbani kwake. Kisha akamsogelea Mishono na kumnong'oneza:

"Ile chupa, mmeimwaga yote?"