Suti ya Rangi ya Bilinganya

Jumatatu, 9 Juni 2025

Jumapili ni Siku ya Akina Baba. Mwaka huu sishindwi.

Kanisani kwetu Hasamba wazee huitwa mbele mmoja mmoja, na kila mzee hutaja kwenye kipaza sauti mtoto aliyemvisha. Mwaka jana baba yangu, Mzee Lusubilo, alimtaja Sebastian. Sebastian! Mume wa dada yangu Tumpe, mwalimu wa Vwawa, mtu anayepiga pasi hata soksi. Mtoto wa kiume ni mimi. Mwenye duka la nguo za kiume Tunduma ni mimi. Halafu kanisa zima linampigia makofi Sebastian kwa sababu ya shati!

Nimeamua: suti. Siyo nyeusi, nyeusi kila mzee anayo. Rangi ya bilinganya, inayong'aa, kola ya kitenge. Itashonwa na Watson, fundi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ili Sebastian akitaka kuiga asijue pa kuanzia.

Mke wangu Ikupa ameuliza vipimo nitavipata wapi. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimefika Hasamba saa nne asubuhi. Baridi ya kukata masikio. Futi ya fundi nimeiacha dukani kwa makusudi. Mzee angeiona angeuliza, na siri ingefika Vwawa kabla ya mchana. Mbinu yangu ni ya kitaalamu zaidi: kumkumbatia.

Nilimkuta anageuza kahawa kwenye vichanja. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, nikamrukia. Alikakamaa kama mlingoti. Vidole vyangu vilipokomea nikaweka alama ya kalamu kwenye mkono wa shati langu. Hicho ni kifua. Mara ya pili, mabega. Mara ya tatu, kiuno. Mzee amenenepa ajabu! Kumbe kahawa mwaka huu imelipa.

Ukabaki urefu wa suruali. Nikaangusha simu, nikapiga magoti kuiokota, nikaanza kupima mguu wake kwa shibiri. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akashika kiuno.

"Deus, umefanya nini?"

Baba akaniwekea mkono kichwani. "Mwache, Mama Tumpe. Simama, mwanangu. Nimeshakusamehe."

Sikuuliza kosa lipi. Nilikuwa nahesabu shibiri ya tano.

Walinisihi nibaki nile chakula cha mchana. Sikuwa na nafasi. Mtu mwenye mipango hakai.

Jumatano, 11 Juni

Nakonde. Watson aliomba karatasi ya vipimo. Nikamwonyesha mkono wa shati. Aliutazama muda mrefu, akauliza kama mzee wangu anacheza mieleka. Akaongeza: "Boss, lakini mtu mwenyewe umemwona kweli?"

Nimemwona? Nimemkumbatia mara tatu! Nikamwambia ashone.

Mchana nikamtuma Ikupa ampigie Tumpe kijanja, ajue mpinzani ana nini. Jibu limekuja: Sebastian amenunua shati jeupe. Tena! Nimecheka hadi mteja akatoka dukani.

Ijumaa, 13 Juni

Suti imekamilika. Lo! Inang'aa kama gari jipya. Nimeitundika mbele ya duka kwa dakika kumi tu, watu wamesimama barabarani. Dereva mmoja wa lori aliuliza kama ni ya kwaya. Wivu.

Ikupa aliishika mabegani, akaingia ndani yake mzima na kanga zake, akafunga vifungo vyote. Akasema, "Baba Goodness, hii ni kubwa." Nikamwelewesha kwamba yeye ni mwembamba.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nimewasili Hasamba na suti ndani ya mfuko. Baba aliitazama, akaigusa kola, akasema haijawahi kuonekana. Nikamwambia aijaribu. Akavua koti. Chini ya koti kulikuwa na sweta. Chini ya sweta, sweta lingine. Chini yake, la tatu, la kijani, ambalo mama alilifuma kabla sijazaliwa. Kila sweta lilipotoka, baba yangu alipungua. Mwishoni alibaki mzee mdogo mwenye shingo nyembamba na mifupa ya mabega iliyochomoza kwenye fulana. Sijui amekuwa mdogo hivyo tangu lini.

Nilimvisha hivyohivyo. Mikono ya koti ilimeza vidole. Mama alitoka nje. Nilimsikia akicheka nyuma ya nyumba.

Nikatulia, nikapata ufumbuzi. Pini kumi na nne mgongoni. Mkanda unashika suruali. Masharti kwa Mzee ni mawili: asigeuke, asinyanyue mikono. Amekubali. Kwa mbele, kusema kweli, ni waziri kabisa.

Jumapili, 15 Juni

Kanisa limejaa. Sebastian kakaa mstari wa pili, amepigwa pasi kuanzia kichwani. Shati lake baba amelivaa, ndani ya suti yangu. Huo ulikuwa usuluhishi wa mama, siyo wangu.

Baba akaitwa. Akatembea vizuri, uso mbele. Halafu kwaya ikaanza, na baba yangu, ambaye hajawahi kusikia wimbo akatulia, akanyanyua mikono juu! Pini zilichomoka kama njugu kwenye kikaango. Koti likafunguka nyuma, likashuka hadi magotini. Watoto wakaangua kicheko, kisha wakubwa. Mimi nikashughulika na kamba za viatu vyangu.

Mama mchungaji akampa kipaza sauti na kumuuliza nani amemvisha.

"Shati ni la mkwe wangu Sebastian," baba akasema. "Limenikaa. Suti ni ya Deus. Hii wanaingia watu wawili."

Wakacheka tena. Akangoja wanyamaze.

"Lakini Jumanne alikuja akanikumbatia. Mara tatu. Tangu amekuwa mtu mzima, mkono wenyewe hunipa huku anaangalia simu. Nimeivaa kwa ajili ya ile Jumanne. Hata ingekuwa gunia ningeivaa."

Halafu makofi, marefu kuliko ya mwaka jana, nina uhakika. Mama alikuwa anajifuta macho kwa kanga. Sebastian akaja kunishika mkono, akasema, "Shemeji, hapo umenishinda." Nikatoa leso, nikajifuta macho. Vumbi la Hasamba ni baya sana.

Nimeshinda!

Jumatatu, 16 Juni

Nimekaa dukani kuchambua ushindi, maana bila kuchambua mtu hasongi mbele. Ni rangi. Ingekuwa ya kijivu wasingepiga makofi hivyo. Nimeshamwagiza Watson suti sita za aina hiyo, vipimo vilevile.

Saa tano baba amepiga simu. Anauliza nitakwenda lini tena. Amesema nisibebe kitu chochote, niende tu, tukae, tunywe chai.

Mzee ana adabu yule! Hawezi kuomba waziwazi. Lakini mimi ni mwanawe, nimemwelewa hapohapo.

Anataka viatu. Nimemwambia sitaweza kufika, nitampa dereva wa basi la Koasta avilete. Vyeupe, vya ncha ndefu.