Setilaiti Yenu Imeidharau Kona ya Wageni

Ndugu Mkurugenzi wa Picha za Setilaiti,

Pokea heshima zangu. Mimi ni msimamizi wa bwawa linalonywesha mji wetu mzima, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nakuandikia kwa uchungu, maana setilaiti yenu imenivunjia heshima mbele ya wafanyakazi wangu.

1. Haipigi hodi. Inapita juu yetu kila baada ya siku tano, na mpaka leo haijatia sahihi kwenye kitabu cha wageni. Nimemkaripia mlinzi. Anajitetea kwamba yeye alikabidhiwa lango, hakukabidhiwa mbingu.

2. Wakaguzi wote wanaokuja kwa barua na gari huchota maji ya kupima kwenye Kona ya Wageni. Ni kona safi, tumeizungushia kamba na madumu, na kila wakikaribia kuja fundi wa pampu huiondolea mwani kwa reki. Miaka yote hiyo vipimo vimetoka vizuri. Setilaiti yenu inaangalia bwawa zima! Nani aliituma huko kwingine?

3. Picha mliyotuma imepaka rangi nyekundu kila palipo na mwani wenye sumu. Huu ni uzushi. Mwani wetu ni wa kijani, hata mpita njia anauona. Nilipolieleza hilo kikaoni, fundi wa pampu, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza kama basi tuendelee kuwanywesha watu huo wa kijani. Nimempa barua ya onyo.

4. Wakati wa mawingu setilaiti haioni kitu, na huwa tunaishi nayo kwa amani kabisa. Naomba ipangiwe kupita siku za mawingu tu. Ikishindikana, niidhinishiwe maturubai ya kufunika bwawa lote, isipokuwa ile kona.

Sina ugomvi na nyinyi. Nasema tu kwamba aliye karibu na maji ndiye anayeyajua, na mimi ofisi yangu iko hatua ishirini kutoka ukingoni. Nisalimie wote hapo kazini, hata yule aliyechagua nyekundu.

Wako katika utumishi,
Msimamizi wa Bwawa

Nyongeza: Binti yangu amejifungua juzi na amekuja kwangu na kichanga. Mke wangu ananiuliza mimi, mtu wa maji, kama maji ya bombani yanafaa kumwogeshea mjukuu. Nimemwambia angoje. Nakuomba sana picha ya leo asubuhi. Itume nyumbani, sio ofisini. Beseni liko tupu, na mtoto analia.