Springi za Pazia, Ngurumo za Kidimbwi

Jumatatu mchana Steven alifika kibarazani akiwa ameinua simu juu, na wote waliokuwa wamekaa wakajua kwamba kazi za siku hiyo zimeishia hapo. Steven huuza viatu vya mitumba Mchikichini, lakini kwenye benchi la mbele ya duka la Mzee Tulsidas, pale Mchafukoge, ubavuni mwa Kariakoo, anaitwa Taarifa. Hajawahi kufika mahali bila jambo la kutangaza, na jambo lenyewe halijawahi kutoka mdomoni mwake likiwa na ukubwa aliolikuta nao.

"Nyota Nane Jazz wanafufuka," alisema hata kabla ya kuketi. "Wanatafuta mpiga solo. Dunia nzima imetangaziwa."

Dunia nzima ilikuwa ni kundi moja la Wasapu la wapenzi wa dansi. Evarista, muuza kahawa, alimwambia asome kilichoandikwa na cha kwake akiweke mfukoni. Taarifa akasoma: anatakiwa mpiga gitaa la solo mwenye sauti ya zamani, ile yenye mwangwi. Wenye mwangwi wa simu na kompyuta wasijisumbue. Sauti itumwe kwa Mzee Allen, kiongozi wa bendi, mwisho Alhamisi saa kumi jioni.

Muaz aliweka kikombe chini. Yeye kibarazani huitwa Pazia, kwa kuwa huuza mapazia na mashuka kwenye duka la baba yake mdogo, Sheikhan, hatua chache kutoka pale. Ana miaka thelathini na mbili, ana gitaa, hana bendi. Sheikhan alishamweleza kwamba gitaa lisilo na bendi ni fanicha, na fanicha haimzuii mtu kusafiri. Alikuwa amefungua duka jipya Tunduma, na tiketi ya Muaz ya basi la Jumatatu inayofuata ilishakatwa. Akipata bendi, atabaki Dar. Asipopata, akauze mashuka mpakani mpaka ndevu ziwe nyeupe.

"Huo mwangwi wa zamani walikuwa wanautoa wapi?" Muaz aliuliza.

Taarifa alikuwa na jibu, maana hakosi. Alieleza kwamba bendi za zamani zilikuwa zikirekodi ndani ya visima, na kwamba mjomba wake mwenyewe alishikilia kamba. Wakabishana juu ya kina cha kisima na uzito wa mpiga besi, mpaka Mzee Tulsidas, aliyetengeneza redio na amplifaya miaka arobaini mtaani hapo, alipotoka ndani na miwani yake kwenye paji la uso.

"Ni springi tu," akasema. "Sauti inaingia upande huu, inatikisa springi, inatokea upande ule imechelewa na imechoka. Huko kuchoka ndiko mnakokuita zamani."

Muaz alitaka kumbusu mkono.

Kazi ikaanza siku hiyohiyo. Sanduku lilikuwa droo ya kabati iliyokosa kabati. Kwa upande wa kuingilia, Mzee Tulsidas alitoa spika ndogo ya redio, akaichana karatasi yake, akabakiza kitovu kinachocheza katikati. Kwa upande wa kutokea, alisema, wanahitaji kitu cha kusikiliza springi inavyotetemeka, na hapo ndipo Mudi alipojitokeza. Mudi ni fundi saa, na anaishi Jangwani, bondeni kunakofurika kila mvua ikinyesha, ndiyo maana anaitwa Kidimbwi. Wingu lolote likipita juu ya Kariakoo, hata liwe dogo kama leso, humpigia mkewe Najma na kumwambia apandishe godoro juu ya kabati. Aliingiza mkono kwenye kopo lake la saa zilizokufa, akatoa kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia alfajiri.

"Hiki kimeamsha watu wengi," akasema. "Leo kiamshe na wewe, Pazia."

Zilibaki springi. Taarifa aliapa kuzileta, na Jumanne akaleta mashine ya kutunishia kifua aliyoikuta ndani ya marobota ya viatu. Wakafunga springi yake moja, sanduku likaungwa kwenye amplifaya ya dukani. Muaz akapiga nyuzi mbili, sauti ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya friji. Mzee Tulsidas alisema springi hiyo ni nene mno, inahitaji kupigwa na ng'ombe. Taarifa hakukubali kwamba springi ina kosa. Alisema gitaa ndilo halina kifua.

Muaz alirudi dukani kwa baba yake mdogo, akasimama mbele ya bidhaa aliyoiuza kwa mita tangu ana miaka ishirini. Springi ya pazia. Nyembamba, ndefu, imevishwa plastiki nyeupe. Alikata vipande vitatu, akavivua plastiki kwa wembe, akavivuta kidogo ili viachane, na Jumatano saa sita vilikuwa vimefungwa kutoka kitovu cha spika hadi kwenye kisahani cha saa. Alipopiga uzi mmoja, sauti ilikwenda, ikarudi, ikazunguka kibaraza, ikaondoka taratibu. Evarista alisimama na birika mkononi, na kahawa ikamwagika pembeni ya kikombe cha mteja.

Ila nyuma ya sauti hiyo tamu kulikuwa na muungurumo wa umeme usiokatika. Mzee Tulsidas alidai droo yote ifungwe kwa foili, na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ushikishwe kwenye foili hiyo. Foili ilitoka kwa muuza chipsi wa kona, bado ina mafuta, na ikafanya kazi. Muungurumo ukafa. Kwa kuwa umeme ulivutwa kutoka dukani na waya ulifika kwenye benchi tu, sanduku lilikaa benchini, na Taarifa, kwa nyundo yake ya viatu na misumari minne, akaligongomea hapohapo.

"Hapa Kariakoo," alisema, "ukikohoa mara mbili unakuta kitu hakipo."

Hata Mzee Tulsidas alimsifu. Muaz alilala siku hiyo akijiona tayari ana bendi.

Alhamisi asubuhi likaanza balaa. Muaz alipiga mistari miwili ya rhumba, mwangwi ukamfuata vizuri, halafu ghafla sanduku likanguruma. Si muungurumo wa umeme, ni radi kabisa, ya kutoka mbali na kuporomoka juu ya paa. Kidimbwi aliruka kutoka kwenye drafti aliyokuwa akicheza na Taarifa na kumpigia Najma apandishe godoro. Mbingu ilikuwa nyeupe, jua linachoma. Muaz akafungua sanduku, akakaza skrubu, akafunga. Akapiga tena. Kimya kidogo, kisha radi. Najma akapigiwa tena.

Mpaka saa tisa sanduku lilikuwa limefunguliwa mara saba. Taarifa alisema ni waya uliolegea, kisha akasema ni minara ya simu, kisha akasema amesoma mahali kwamba springi ya pazia ina kumbukumbu ya dirisha ilikotoka, na kama dirisha lilishawahi kunyeshewa, mambo ndiyo hayo. Muaz alimkumbusha kwamba springi ilikuwa mpya, haijawahi kuona dirisha. Mzee Tulsidas alirudia kuchomelea lehemu kila kiungo kwa hasira, maana mashine haijawahi kumfanyia dharau mbele za watu. Muaz alianza kuiona Tunduma. Aliwaona wateja wakipapasa mashuka na kuuliza kama yanachuja rangi, na yeye akijibu hayachuji, kila siku, hayachuji. Akainamia sanduku ili wasimwone uso.

Evarista alikuwa akisuuza vikombe. "Pazia," akasema, "mbona halingurumi Kidimbwi akienda msalani?"

Watu wakageuka.

"Saa saba alipokwenda kuswali, ulipiga wimbo mzima. Alipokwenda kununua vocha, kimya. Akirudi kwenye drafti, radi."

"Sasa mimi nina radi?" Kidimbwi aliuliza.

"Wewe una mkono."

Mzee Tulsidas alishusha miwani. Alitazama sanduku lililogongomewa upande mmoja wa benchi, akatazama ubao wa drafti uliochorwa kwenye benchi hilohilo upande wa pili, kisha akachukua kizibo cha soda, ambacho ndicho kete yao, akakibamiza kama Kidimbwi anavyobamiza akila kete. Radi ikashuka juu ya Mchafukoge. Kisahani cha saa kilikuwa kikisikiliza springi, na springi zilikuwa zikisikiliza benchi lote.

"Nani aligongomea misumari?" akauliza kwa upole.

Taarifa aliisukuma nyundo yake chini ya benchi kwa mguu.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Kung'oa misumari kungezitikisa lehemu zote, na lehemu zikiachia hakuna wa kuzirudishia kwa dakika ishirini. Dawa ilikuwa moja tu, drafti isimame kwa dakika nne. Muaz aliomba hivyo, na kwa kweli hakuomba kingine siku nzima.

"Haiwezekani," alisema Kidimbwi.

"Dakika nne, kaka."

"Pazia, mdogo wangu, nisikilize. Huyu Taarifa ananifunga tangu mwezi wa Ramadhani. Leo kete zangu tatu zimefika kwake, zimekuwa kingi. Tatu. Nikiinuka hapa, akarudi na hesabu zake, atasema tulikuwa sare."

"Na nitasema," Taarifa alikubali.

Evarista akatishia kutowauzia kahawa mpaka mwaka mpya. Mzee Tulsidas akatishia kuzima umeme, kisha akakumbuka Muaz anauhitaji umeme huohuo. Wakaafikiana mwishowe: mchezo uendelee, lakini kete ziwekwe taratibu kama mayai, bila kelele, bila kubamiza, na atakayekohoa atakuwa amepoteza. Evarista alishika simu ya Muaz, tayari kurekodi. Muaz akafumba macho.

Alipiga ule wimbo alioutunga mwenyewe miaka sita iliyopita na hakuwahi kuupigia mtu. Mwangwi ulimfuata nyuma kama mtu anayemjua. Alisahau Tunduma, alisahau mashuka. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kete zikitembea kwa vidole vya wezi. Kwenye mzunguko wa tatu Taarifa, aliyekuwa akimtazama Muaz badala ya ubao, alisogeza kete isiyotakiwa kusogezwa. Kidimbwi akaona nne zimepangwa mbele yake, moja baada ya nyingine, zote za kuliwa. Akatazama juu. Akajing'ata mdomo. Jasho likamtoka. Mkono ukaondoka wenyewe.

Radi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Muaz hakufumbua macho. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika mahali ambapo haviwezi kugeuka, vikaingia katikati ya radi ya pili na ya tatu, vikapanda juu ya ile ya nne, na kumalizia chini polepole huku ngurumo ikififia. Evarista akabonyeza. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Hakukuwa na nafasi ya kurudia, ikatumwa hivyohivyo.

Halafu wakakaa. Kidimbwi aliomba msamaha mara nyingi, ingawa kila alipoomba alitazama kete nne zilizolala upande wake. Muaz alisema hakuna tabu, kwa sauti ya mtu mwenye tabu. Alianza kukunja waya wa gitaa na kumuuliza Evarista kama ni kweli Tunduma kuna baridi. Evarista alisema hajui, akammiminia kahawa ambayo hakuiomba.

Simu ilitetemeka saa kumi na nusu. Ilikuwa sauti ya Mzee Allen, nzito, ya mtu aliyeimba miaka mingi. Muaz akaiweka wazi ili wote wasikie.

"Kijana, mwangwi huo sijausikia tangu mke wangu hajanikubali. Njoo Jumamosi saa kumi. Na huyo mpiga ngurumo wako, yule aliyeingia mzunguko wa tatu, uje naye. Ninyi wawili ni kitu kimoja. Bila yeye usihangaike."

Evarista alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Mzee Tulsidas alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Muaz alimkumbatia Kidimbwi, akamwambia atambebea benchi kichwani mwenyewe, na misumari yake, mpaka mbele ya bendi.

"Subiri kwanza," alisema Kidimbwi akijitoa. "Mimi sibamizi hewa. Mkono wangu unabamiza nikila tu. Bila kula, naweka kama mwanamwali."

Wakamjaribu. Wakampangia kete nne za bure, zisizo za mpinzani yeyote. Akaweka kama mwanamwali.

Basi macho yote yakamgeukia Taarifa. Kama Kidimbwi anatakiwa kula, lazima awepo wa kuliwa, tena mbele ya bendi nzima, tena mzunguko wa tatu, tena kete nne. Taarifa alikataa katakata. Alisema ana jina Mchikichini. Alisema watoto wake watasikia. Alisema kufungwa na Kidimbwi mara moja ni ajali, mara mbili ni tabia. Muaz hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba tiketi ya Tunduma ipo, na kwamba atakumbuka kibaraza hiki kila atakapokunja shuka.

Mwishowe Taarifa akauliza kama anaweza kutambulishwa kama meneja. Wakamkubalia. Akauliza kama tangazo la bendi kufufuka linaweza kusomwa na yeye. Wakamkubalia hilo pia, kwa masharti ya Evarista.

Kidimbwi alikuwa ameshasogea pembeni na simu sikioni, kifua mbele.

"Najma, Jumamosi jioni ukisikia radi usipandishe godoro. Ni mimi, nipo kazini."

Najma alisema kitu kirefu. Kidimbwi akafikiri.

"Sasa kama ni mvua kweli," akasema, "sikiliza mapigo. Ikienda na mapigo, ni mimi. Ikikosea, pandisha."