Msimchukue Binti Yangu, Jua Litarudi Sebuleni

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi penye kivuli. Kama hapana kivuli, basi utanielewa upesi zaidi.

Kuhusu: Malalamiko dhidi ya binti yangu mwenyewe

Mimi ni mama wa yule binti mliyemwita kuja kuiona wodi yenu ya wazazi, yule mrefu anayetembea na futi ya kupimia mfukoni. Kama mliwaita wengi, wangu ni yule aliyejibu maswali yote. Shule mimi niliishia ya msingi, kwa hiyo nikiweka nukta mahali pasipotakiwa unisamehe. Yeye nilimsomesha mpaka vyuo vikaisha. Picha yake ya mahafali iko sebuleni, ni kubwa kuliko televisheni, na fremu yake ni ya dhahabu, yaani rangi.

Nasikia mnataka kumwajiri ahamie huko kwenu, safari ya kutwa nzima kwa basi, awapozee hiyo wodi na majengo mengine yote. Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha mliyomwandikia. Ninakuomba kwa heshima zote usimchukue. Sababu si kwamba ni kitindamimba wangu, wala kwamba kaka na dada zake wote wameshahamia makwao na ndiye pekee aliyebaki wa kuniuliza nimelalaje. Hayo hayahusiani kabisa. Sababu ni kazi yake. Ninaifahamu kuliko ninyi, maana ninaishi ndani yake. Nimeyapanga makosa yake kwa namba, kama mnavyopenda maofisini.

1. Amelifukuza jua sebuleni. Tangu tuhamie nyumba hii, jua lilikuwa likiingia kwa dirisha kubwa, linakaa kwenye kochi, linapanda kabati la vyombo, linaondoka lenyewe likitaka. Tulishazoeana nalo. Binti yangu aliporudi kutoka chuo akashinda amechuchumaa na chaki, akichora sakafuni mahali jua linapofika. Nikajua masomo yamemzidi, nikamwekea uji. Kumbe alikuwa anapima. Akaurefusha ukingo wa paa kwa mbao na bati, kipande ambacho hata hukioni mpaka uoneshwe, na tangu hapo jua la mchana linaishia kibarazani kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Miezi ya baridi, jua linapokuwa limeinama, ndipo linapoachiwa lipite, na hapo linakuja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu na kunipasha magoti. Nauliza, tangu lini jua likaingia nyumbani kwangu kwa ruhusa ya mtoto? Kochi halipauki tena. Picha ya mahafali ilikuwa imeanza kufifia upande mmoja, sasa imegoma kuendelea, na kila mgeni anauliza kwa nini joho lina rangi mbili.

2. Ameniharibia utaratibu wa wageni. Zamani joto lilikuwa linanisaidia. Ikifika saa saba mchana bati linaanza kugonga, watu wanajipepea kwa magazeti, wanatazamana, halafu mmoja anasema jamani tuwaache mpumzike. Mimi nawasihi wabaki, nikijua hawawezi, na mtaa mzima nasifiwa kwa ukarimu. Sasa binti yangu ametoboa matundu juu ya ukuta karibu na dari, hewa ya moto inatokea huko, na ile ya baridi inaingia kwa madirisha ya upande wa kivuli. Watu nikiwasihi wabaki, wanabaki. Kaka yangu, yaani mjomba wake, dereva mstaafu wa malori, alikuja kunisalimia akajilaza kwenye zulia kidogo tu. Kesho yake alikuja na mto. Nikamuuliza kwake kumeharibika nini, akanijibu amefumba macho, "Dada, kwangu ni pa kulala usiku. Mchana naishi kwako." Na anakoroma, Ndugu Mkurugenzi, kwa sauti ya gari linalopanda mlima.

3. Nina feni. Ni ya kusimama, ndefu kama mtu, na ndiyo kubwa kuliko zote mtaani. Haina kazi. Imesimama pembeni na kitambaa chake cha kufuma kichwani kama shangazi aliyekuja kwenye sherehe akasahauliwa.

4. Alilipaka paa letu rangi nyeupe ili lirudishe jua lilikotoka. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye tunamwita Redio kwa sababu habari zote za mtaa zinapita kwake, akatangaza kwamba paa letu linafanana na jino la mbele. Niliumia, lakini pia nilifurahi, maana watu wakawa wanaelekezwa njia kwa paa letu. Ukitaka duka la dawa, nyoosha mpaka paa jeupe. Ukitaka fundi cherehani, mkabala na paa jeupe. Nikawa kama kituo cha basi. Basi huyo huyo Redio akaja jioni, sauti chini, kumwomba binti yangu ampakie na lake. Akafuata fundi cherehani, akafuata mwenye duka. Leo paa zote ni nyeupe na wageni wangu wanapotea. Mwanangu angekuwa na roho ya uchoyo kidogo tu, ningekuwa bado najulikana.

5. Kuhusu Redio siwezi kumalizia hapo. Chumba chake cha kulala kinatazama machweo. Ukuta ule ulikuwa unakunywa jua alasiri nzima na kulitapika wakati wa kulala, kwa hiyo alikuwa anakaa dirishani akijipepea, na hakuna aliyepita asijulikane ametoka wapi. Binti yangu akamwekea mbele ya dirisha vibao vya mbao vilivyoinamishwa, jua linagonga linadondoka, hewa inapita. Sasa Redio analala. Analala mpaka jogoo anachoka. Matokeo yake mtaa hauna habari. Binti wa fundi cherehani amechumbiwa, na sisi tumekuja kujua tulipoona mahema. Aibu niliyoipata kwa kukosa zawadi mkononi, ninaihesabu kuwa kosa la binti yangu.

6. Hili ndilo kosa kubwa, na ndilo linalonifanya niandike. Juu ya jiko letu kuna paa la zege, bapa, tunapoanikia nguo. Hapo binti yangu ameweka hita ya jua. Ni kioo kipana kilicholala mshazari, ndani yake mabomba meusi, na juu yake tangi. Haili umeme, haili mkaa, inakula jua tu. Siku za mwanzo sikuamini. Maji yalitoka ya moto mpaka mjomba akapiga kelele bafuni. Niliwaita majirani mmoja mmoja waje waguse bomba. Fundi cherehani aliligusa mara mbili, na mara ya pili hakuwa na haja.

Kisha binti yangu akasafiri kuja kuiona wodi yenu, na mimi nikabaki kuitunza kazi yake kama mama. Nikapanda juu, nikakiona kile kioo kiko uchi, vumbi linakitulia, ndege wanakifanyia wanayofanya ndege. Katika nyumba yangu hakuna kitu cha heshima kinachokaa bila nguo. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una sketi. Nikakaa chini na sindano yangu nikaifumia hita kitambaa chake, cha manjano, kizito, chenye maua mekundu, na kamba kwenye pembe zote upepo usikichukue. Nikaivika mwenyewe. Redio alipanda kuangalia akakiri kwamba hajapata kuona hita iliyopendeza namna ile.

Ndugu Mkurugenzi, toka siku ile maji ni baridi. Nje jua linawaka, mbwa wamehamia chini ya magari, na bombani maji yanatoka kama ya kisimani. Mjomba alikagua mabomba yote kwa utaalamu wake wa malori akasema injini haina hitilafu. Nikakaa nikajiuliza, ni nini kilichobadilika katika nyumba hii? Nikatafuta kila chumba. Ni kimoja tu. Mtoto hayupo.

7. Kwa hiyo nimethibitisha kwamba kazi ya binti yangu haifanyi kazi asipokuwepo. Leo imeanza hita. Kesho yatafuata matundu ya ukutani, keshokutwa ukingo wa paa, na jua likisikia amehama moja kwa moja, litarudi sebuleni na vitu vyake vyote. Mjomba ataiva. Redio atarudi dirishani. Na ninyi pia mtadanganyika. Wodi itapoa siku ambazo binti yangu yupo, na akija Jumapili kunisalimia, itachemka. Hiyo ni hospitali gani?

Alinipigia simu kutoka huko akanieleza hiyo wodi yenu ilivyo. Bati tupu lisilo na dari, madirisha yote yanatazama machweo, na akina mama waliojifungua juzi wanawapepea watoto kwa vipande vya boksi. Mkono ukichoka wanahamishia mkono mwingine. Nimeyataja haya kwa ukamilifu wa taarifa tu. Hayaingii kwenye malalamiko.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, msimwajiri, na mumjulishe kwa maneno mazuri, maana ana moyo mwepesi ingawa haoneshi. Pili, ikiwa ni lazima mumwajiri, basi hospitali ihamishiwe mtaani kwetu. Nyuma ya fundi cherehani kuna kiwanja kitupu, watu wa kubeba vitanda tunao, na wagonjwa watakaobanana huko wanaweza kupumzika sebuleni kwangu, wakivumilia kukoroma. Tatu, kama hospitali haihamishiki, apewe ruhusa ya kuja nyumbani kila mama yake anapomkumbuka, ambayo ni kila siku baada ya chai. Nadhani kwa ofisi kubwa kama yenu hayo si mengi.

Nifikishie salamu kwa wauguzi wote, kwa mlinzi wa getini ambaye binti yangu anasema alimpa kiti chake mwenyewe, kwa madaktari kama wana nafasi ya kusalimiwa, na kwa kila mama aliye wodini pamoja na kichanga chake. Mjomba anawasalimu akiwa amelala. Redio anawasalimu, na anauliza kama kuna jipya huko.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na kwa kifua mbele,
Mama mzazi wa mtaalamu

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Binti yangu amerudi jana alasiri. Kabla hata ya kunywa maji alipanda juu ya jiko kuanika nguo za safari. Akashuka na kile kitambaa cha manjano begani, akasimama mlangoni, akauliza, "Mama, nani amelivisha jua sweta?"

Mjomba alicheka mpaka akaangusha mto. Mimi nikaeleza habari za vumbi na za ndege. Yeye hakunicheka, au alicheka kwa mgongo, maana alikuwa amegeuka. Akasema hita inaona kwa kile kioo, na mimi nilikuwa nimeifunga macho. Leo mchana mjomba amepiga kelele bafuni.

Kwa hiyo namba ya sita naomba uifute, na ya saba iliyoegemea hapo iende nayo. Nimejaribu kuzitazama zile nyingine zikiwa peke yao, naona zimebaki zinamsifu. Nilitaka kuichana barua yote, lakini nimeisoma upya na mwandiko umekaa vizuri. Iweke kwenye faili lake.

Jambo la mwisho. Kile kitambaa nilikitafuta nikakitandike hata kwenye kochi, sikukiona. Nimekikuta sandukuni mwake, kimekunjwa vizuri juu ya nguo za kazi. Nikamuuliza, katika wodi yenye joto lile, nguo nzito namna hii ya nini? Akasema, "Nikimaliza kazi, Mama, watoto watahitaji kufunikwa."

Atakuja kwenu Jumatatu kwa basi la asubuhi. Chumba mtakachompa kisitazame machweo, na kikitazama, mwacheni, atajua la kukifanya. Na tafadhali nijulishe wodi ina vitanda vingapi. Uzi wa manjano umeniishia, lakini mwekundu upo, na nimeshaanza.