Kugidua Mizani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka nimechoka. Mkaguzi wa mizani anakuja Alhamisi, na siku hiyohiyo karakana yetu itapata fundi mkuu. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji ana mikono mizuri. Mimi nina mpango! Lile jiwe la chuma la kilo moja, tunalorekebishia mizani zote, limeota kutu. Nimelisugua kwa msasa mpaka nikauona uso wangu humo. Uso wa fundi mkuu kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Nimerekebisha mizani zote kwa jiwe langu, shemeji akiwa kwa daktari wa meno. Mgongo hauna hali. Za zahanati na za bucha zimeshachukuliwa. Shemeji aliporudi, shavu limevimba, akauliza nani kaligusa jiwe. Nikamwambia wivu utamuua.

Jumatano, 5 Machi
Makubwa! Muuguzi kaja kusema watoto wote wa zahanati wamenenepa kwa usiku mmoja. Wateja wa bucha wanasema kilo imepungua, wamemporomoshea mwenye bucha matusi. Mke wangu kapita karakanani, kajipima, kaninunia. Chakula nimejipakulia mwenyewe. Kosa langu silijui.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi kaweka jiwe lake kwenye mizani. Kaliondoa, kaliweka tena. Kauliza mizani hizi zimefanywa nini. Shemeji, bila hata kuinua kichwa, akajibu zimegiduliwa. Gidu ni mimi. Bibi aliniita hivyo tangu utotoni. Mkaguzi akauliza maana yake. Shemeji akaeleza kwamba kugidua ni kurekebisha kitu kizima, kwa bidii, mpaka kiharibike. Karakana nzima hoi kwa kicheko. Kumbe msasa hula chuma! Jiwe limekonda, ndiyo maana mizani zinaona kila kitu kizito. Ukuu kapewa shemeji. Imeniuma, siwezi kujidanganya. Nimeingia stoo nikakaa juu ya ndoo.

Jumamosi, 8 Machi
Neno limetoka nje. Muuguzi kasema saa ya zahanati imegiduliwa. Mke wangu kaonja mchuzi wa dada yake, kasema umegiduliwa chumvi, kacheka, kanipakulia. Basi! Shemeji ana cheo, na cheo huvuliwa. Mimi ni kitenzi.

Jiwe jipya limeletwa leo. Shemeji kalifungia kabatini. Nimelichungulia kwenye upenyo: lina doa. Ufunguo najua unapokaa, na safari hii nimenunua msasa laini.